Ukisikia "Korido," Uliza ni ya Nini na Upana Wake ni Kiasi Gani

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi)



Nimepewa dakika chache nizungumzie neno moja tu: korido. Hutajwa sana katika vikao vya miradi, na mara nyingi watu wawili hulisikia pamoja kisha kila mmoja akaenda nyumbani na maana yake.

Asili yake ni Kiitaliano, kutokana na kitendo cha kukimbia, nasi tulilipata kupitia Kiingereza. Maana iliyo nyepesi ni ile ya hospitalini: njia ndani ya jengo, yenye vyumba huku na huku, isiyofaa kuzibwa kwa sababu machela lazima ipite. Sisi tuna neno letu, ushoroba, na tuna vichochoro vya Mji wa Kale. Punda mwenye mzigo akiingia, wewe husogea ukutani. Ndiyo maana mtu wa Lamu akisikia korido, huona kitu chembamba.

Kwenye ramani, korido yaweza kuwa pana mno. Chukueni LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari yetu na Ethiopia na Sudan Kusini, uliozinduliwa hapa Lamu Machi 2012. Mpango wake una kanda mbili. Ya kwanza ni ya miundombinu, yenye upana wa mita 500, ya kupitisha barabara, reli na bomba la mafuta. Ya pili ni ya kiuchumi, inayoenea kilomita 50 kila upande, kwa ajili ya viwanda na biashara. Anayeambiwa shamba lake liko "ndani ya korido" ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo. Ndani ya mita 500, ardhi yaweza kutwaliwa kwa fidia. Kuwa ndani ya kilomita 50 pekee hakumaanishi kwamba shamba limetwaliwa.

Korido nyingine ni ya wanyamapori, kama njia za ndovu na nyati upande wa Boni na Dodori. Hii haina lami wala ua, na mara nyingi hukatiza ardhi ya watu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuingia makubaliano ya kuiacha njia hiyo wazi huku ardhi ikibaki yake. Neno ni lile lile, lakini matokeo kwa shamba ni tofauti kabisa.

Na baharini? Wavuvi wana njia zao, ingawa hakuna aliyeziita korido. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa katika ujenzi wa bandari, ikiwemo haki ya kupata habari, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Funzo ni kwamba njia isiyochorwa kwenye ramani husahaulika kwa urahisi. Mkiitwa kikaoni, semeni mapema mnapita wapi, mnavua wapi na mnachunga wapi.

Kwa hivyo, afisa yeyote akitaja korido, hata nikiwa mimi, muulizeni mambo matatu. Kwanza, ni ya kupitisha nini? Pili, upana wake ni kiasi gani, na ramani iko wapi? Tatu, ardhi itabaki ya nani, na mwenyewe ataruhusiwa kufanya nini juu yake?

Majibu si hisani. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia ya haki, kamili na bila kucheleweshwa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma muda usiozidi siku 21 kujibu ombi. Andikeni barua, igongwe muhuri, na nakala mbaki nayo.

Nasi maafisa tuna wajibu wa kutaja upana na mipaka kila tunapolitamka neno hili, kwa lugha ambayo kila aliyeketi hapa anaielewa.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.