Mali ya Wageni na Jasho Letu

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya halmashauri mbele ya wanachama wa viwanda vya nguo)



Tumekuja kusema habari ya mali ya wageni, kwa sababu wiki ijayo halmashauri yenu itakaa mezani na wenye viwanda, na twajua neno lao la kwanza. Watasema, "Kampuni haipati faida. Mkidai nyongeza tutafunga twende nchi nyingine." Neno hilo tumelisikia mara nyingi, na kila mara wengine wetu hurudi nyumbani na hofu. Leo twataka kulipima.

Kwanza tusidanganyane. Hatusemi wageni wasije. Mtu aliyesimama nje ya geti miezi sita akingoja kuitwa hawezi kuambiwa kwamba kiwanda ni kitu kibaya. Na mlango ulifunguliwa zamani. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda mali ya wageni ilimpa mgeni aliyekubaliwa haki ya kutoa nje faida yake akisha kulipa kodi, na rasilmali yake pia. Halafu mwaka 1990 ikaja sheria ya EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya kuuza nje. Kampuni ya namna hiyo hailipi kodi ya mapato miaka 10 ya kwanza, na miaka 10 inayofuata hulipa asilimia 25. Mashine na vitambaa vyake huingia bila ushuru. Sisi tukinunua sabuni dukani twalipa kodi siku ile ile, hatuna miaka 10 ya kungoja.

Sasa tuulize, nchi yapata nini? Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria iitwayo AGOA, nguo zetu zikaingia kwao bila ushuru. Sheria hiyo iliruhusu kitambaa kitoke nchi yo yote. Basi majora yalitoka Asia, yakashuka Mombasa, yakakatwa na kushonwa hapa, na nguo zikarudi Mombasa kupanda meli. Mkulima wa pamba hakuguswa. Viwanda vilivyofuma kitambaa cha hapa, kama Rivatex ya Eldoret, vilikuwa vimeanguka. Rivatex ilikaa mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007.

Tazameni basi hesabu yake. Kodi imesamehewa. Kitambaa si chetu. Nguo yavaliwa ng'ambo. Kinachobaki hapa ni pesa ya umeme, maji, kodi ya jumba, malori na mshahara wetu. Ndugu, mshahara wetu ndio fungu kubwa la Kenya katika biashara hii! Anayetuambia tupunguze madai kwa ajili ya maendeleo ya nchi ataka nchi ipunguziwe fungu lake.

Wasemapo hawana faida, huenda vitabu vya hapa vyaonyesha hivyo kweli. Lakini kampuni ya hapa mara nyingi ni mtoto, mama yuko ng'ambo. Mama humuuzia mtoto kitambaa, na mama huyo huyo humnunulia nguo. Bei ya kitambaa ikipandishwa kidogo, na bei ya nguo ikishushwa kidogo, mtoto hubaki mikono mitupu kila mwaka, na mama ashiba. Hatusemi kila kampuni hufanya hivyo. Twasema kwamba kitabu cha mtoto peke yake hakitoshi kutunyima nyongeza.

Na lile la kuhama? Ni kweli, viwanda huhama. Januari 2005 mipaka ya kiasi cha nguo kutoka China na kwingineko iliondolewa duniani, na viwanda kadhaa hapa vikafungwa, maelfu wakakosa kazi.  Tena tumetishwa sana na Ethiopia, kwamba mshahara wa huko ni mdogo kuliko wetu. Ni mdogo, ndiyo. Bustani kubwa ya viwanda ilifunguliwa Hawassa mwaka 2016, na kampuni ya Marekani ya PVH ikaweka kiwanda humo. Vita vikaja, na Novemba 2021 PVH ikatangaza kufunga; Januari 2022 Marekani ikaitoa Ethiopia katika AGOA. Mshonaji wa Hawassa alikubali mshahara mdogo, na haukumwokoa. Hata sisi muda wa AGOA ulipokwisha 30 Septemba 2025, tulikaa tukitazama Washington, si karatasi ya mshahara.

Tulio wazee hapa twakumbuka kiwanda kimoja, jina tuliache. Ijumaa tulishona mpaka usiku kwa sababu meli ilikuwa yangoja. Jumatatu tulikuta kufuli. Mashine zilikuwa za kukodi, jumba la kukodi, na meneja amekwisha kupanda ndege. Mwezi mzima wa mshahara ulipotea, na kiinua mgongo pia. Siku hiyo tulijifunza kwamba mtu asiye na kitu hapa hana kinachomzuia kuondoka. Ndiyo sababu safari hii, kabla ya senti za nyongeza, twadai pesa za kiinua mgongo ziwekwe benki kila mwezi, mahali ambapo meneja hawezi kuzigusa. Wengine mmenung'unika kwamba nyongeza ingetangulia. Tumesikia, wala hatukubaliani nanyi.

Sheria iko upande wetu kwa jambo moja. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, fungu la 57, yamtaka mwajiri akipatanishe chama habari zote zinazohitajika katika mazungumzo. Tutaomba vitabu, na bei ya kitambaa na ya nguo, na jina la anayeuza na anayenunua. Lakini fungu la 54 lataka kwanza chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyi kazi wanaoweza kujiunga. Katika viwanda vitatu tumevuka. Katika cha nne tumepungukiwa na watu 41, wengi wao wa zamu ya usiku.

Fomu ziko kwa wajumbe wenu. Zirudishwe kabla ya Alhamisi jioni, zimetiwa sahihi kwa wino, na kila mtu alete karatasi zake za mshahara za miezi mitatu.