Kagua Mkono wa Tela Kabla ya Mavuno

Leo tuzungumze juu ya tela la trekta, lile la magurudumu mawili linalobeba ufuta katikati ya mwaka na korosho kuanzia mwezi wa Oktoba.

Wengi wetu tunakagua matairi tu. Lakini chuma kinachopata taabu kubwa ni mkono wa tela, yaani ile boriti ndefu inayofungwa kwenye trekta kwa pini. Ukikatika mteremkoni, tela halina tena wa kulizuia.

Mkono unapinda kwa sababu gani? Chukua mfano huu. Tela lina mita 3 kutoka ekseli hadi kwenye pini. Umepakia magunia 20 ya kilo 100, jumla kilo 2,000. Kama katikati ya mzigo ni sentimeta 30 mbele ya ekseli, pini inabeba kilo 200. Ukisogeza mzigo mbele ufike sentimeta 60, pini inabeba kilo 400, na magunia ni yale yale! Kwenye mashimo ya njia za shamba, kabla hujafika barabara kuu pale Nangurukuru, kila mshtuko unazidisha uzito huo. Lakini usirundike mzigo nyuma ya ekseli, maana utainua trekta, na magurudumu yake ya nyuma yatakosa nguvu ya kushika ardhi.

Sasa je, utajuaje kama chuma kimepinda? Tela likiwa tupu, liweke mahali tambarare, uzuie magurudumu kwa mawe. Chini ya boriti, karibu na pini na karibu na ekseli, funga vipande viwili vya mbao vyenye unene wa sentimeta 5. Kaza uzi kutoka kipande kimoja hadi kingine. Katikati, pima nafasi iliyopo kati ya uzi na chuma, uandike. Pakia, upime tena ukiwa ubavuni; usiingie chini ya tela lenye mzigo. Nafasi itapungua kidogo, hiyo ni kawaida. Shusha mzigo, upime mara ya tatu. Kama nafasi hairudi ilivyokuwa mwanzo, basi chuma kimepinda moja kwa moja.

Pima pia kutoka kwenye tundu la pini hadi kila mwisho wa ekseli. Vipimo visipolingana, mkono umekwenda upande, au ekseli imesogea.

Halafu tafuta nyufa, hasa upande wa chini, pale mkono unapoungana na bodi. Sisi wa pwani, kutoka Kilwa Kivinje hadi Lindi, hewa ya chumvi inatuletea kutu, na kutu inaficha ufa. Safisha kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, ngoja kidogo, futa hadi pakauke, kisha sugua chaki. Penye ufa mafuta yatatoka tena na kuchora mstari kwenye chaki.

Ukiuona mstari huo, tela lisimame. Mpelekee fundi wa kuchomelea anayeijua kazi yake. Kuziba ufa juu juu hakutoshi. Mwambie aongeze bamba refu la kuimarisha pande zote mbili.

Na mwisho: tela la mzigo si basi. Usipakie watu juu ya magunia.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kazi njema, ndugu mkulima.