Wanunuzi Watatu na Bei Moja

 Wazee wangu na mama zangu mlioketi darasani huko Nyamahanga, natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu yake, na kwamba mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni neno letu la leo. Neno lenyewe ni USHINDANI. Lisomeni pamoja, polepole: u-shi-nda-ni.

Nilipolitembelea darasa lenu, mama mmoja aliniuliza swali. Alisema, “Mwanangu, siku ya gulio walikuja wanunuzi watatu wa maharage. Wa kwanza alinitajia bei, nikaiona ndogo. Nikaenda kwa wa pili, akataja ile ile. Wa tatu vivyo hivyo. Nikauza, maana mtoto alikuwa anasubiri sare ya shule. Je, jambo hili ni halali?”

Siku ile sikumjibu, kwa sababu sikutaka kumpa jibu la kukisia. Leo nitajaribu.

Wazee mtakumbuka kwamba ilikuwako sheria ya mwaka 1973 ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei iliyopanga bei za bidhaa nyingi. Bei ilikuwa imeandikwa, lakini mara nyingi sukari yenyewe haikuonekana dukani, na aliyeipata aliipata kwa mlanguzi. Baadaye biashara ikafunguliwa. Bunge likatunga sheria mwaka 1994, kisha ikaja Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Sheria hii ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo wengi huijua kwa herufi tatu, FCC. Tume ilianza kazi mwaka 2007.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea. Tume hii haipangi bei ya maharage, wala ya sabuni. Kazi yake ni kuangalia kwamba wanaouza na wanaonunua wanashindana kwa kweli. Mnunuzi akitaka maharage yako, na amshinde mwenzake kwa bei nzuri au kwa kulipa upesi. Asimshinde kwa kukaa naye faraghani wakagawana wakulima.

Turudi kwa mama yetu. Kama wale watatu walitaja bei moja kwa sababu kila mmoja alisikia bei ya mjini na kupiga hesabu ya mafuta ya gari, hapo hapana kosa. Bei kufanana si ushahidi wa njama. Lakini kama usiku uliotangulia walikubaliana wasizidi kiasi fulani, hilo sheria inalikataza, hata kama wafanyabiashara wenyewe ni wadogo. Vivyo hivyo wakikubaliana kumsusia muuzaji fulani, au makandarasi wakipanga kabla ya zabuni ya shule nani ashinde. Sheria ya 2003 iliweka faini ya kampuni kuwa kati ya sehemu 5 na sehemu 10 katika kila 100 ya mauzo yake ya mwaka. Kwa kampuni kubwa hizo ni fedha nyingi mno.

Ugumu ni kwamba makubaliano ya namna hii hayaandikwi. Ndiyo sababu nasema kalamu yako ina kazi hata gulioni. Andika tarehe, bidhaa, uzito, bei na jina la mnunuzi. Omba risiti. Mtu mmoja akilalamika kwa mdomo, ni maneno. Watu kumi wakileta madaftari yenye tarehe zile zile, mchunguzi ana pa kuanzia. Tume ina ofisi ya Kanda ya Ziwa huko Mwanza. Najua Mwanza ni mbali na Biharamulo, na ni mbali zaidi na Ngara. Mimi naona huo ni upungufu, na sioni haya kuusema.

Labda mtauliza, je, wakubwa nao huguswa? Chukueni habari ya saruji. Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, mzazi wa kiwanda cha Twiga, ilitaka kununua sehemu 68 na zaidi katika 100 za hisa za Saruji Tanga. Tume ikakubali mwaka 2022, kwa masharti. Wengine wakapinga, wakakata rufaa kwenye Baraza la Ushindani, ambalo husikiliza rufaa dhidi ya Tume. Septemba mwaka ule ule Baraza likaifuta idhini ile. Hoja ilikuwa kwamba viwanda hivyo viwili vikiwa chini ya mkono mmoja vitapita sehemu 35 katika 100 za soko, kipimo ambacho sheria ya wakati ule ilikitaja kuwa ni nguvu kubwa mno. Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2023 ombi jipya lilikubaliwa, na mwaka 2024 Scancem ikaziuza hisa nyingi kwa Amsons, kampuni ya Kitanzania. Watu bado wanabishana kama njia ile ilikuwa sawa. Lakini anayejenga nyumba yake Nyamahanga hununua mfuko wa saruji, na shauri lile lilikuwa juu ya mfuko wake.

Tume hukamata pia bidhaa bandia, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Hilo tutaliweka kwa siku nyingine.

Nimalizie na butura, ambayo ninyi wakulima wa kahawa mnaijua kuliko mimi. Mtu ana shida, anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya aliye na fedha mkononi. Serikali imeikataza. Siku ya mavuno wanunuzi wakija watano wakishindana, yeye hana cha kuwauzia. Alikwisha kumchagua mmoja siku ya njaa. Hapo Tume peke yake haitoshi. Panahitajika mahali pa kukopa kwa haki, na chama cha ushirika kinacholipa kwa wakati. Vyama vingine vimechelewesha malipo, na mkulima aliyecheleweshwa hurudi kwa mtu wa butura.

Zoezi la juma hili: pigeni mistari minne daftarini, mpate safu tano. Andikeni juu yake tarehe, bidhaa, uzito, bei, mnunuzi. Siku ya gulio mzijaze. Mama aliyeniuliza swali na asome yake kwanza. Kwaherini.