Sikio Linalotoa Usaha na Haki ya Mtoto wa Maskini
Mada iliyotolewa katika semina ya wajumbe wa Haki na Amani wa parokia



Mliponialika katika semina hii, baadhi yenu waliuliza magonjwa ya masikio yanahusiana vipi na Tume ya Haki na Amani. Tumezoea kuzungumzia mashamba yaliyonyakuliwa, kura zilizoibwa na mahabusu wasiofikishwa mahakamani. Sikio la mtoto, mlisema, ni jambo la zahanati. Nakubali. Lakini mtoto anapopoteza usikivu kwa ugonjwa ambao tiba yake inajulikana, tena tiba iliyopimwa kwa watoto wa nchi yake mwenyewe, basi jambo hilo limetoka zahanati na kuingia katika kazi yetu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vijifupa vitatu vilivyoshikana kama pete za mnyororo. Sauti huitikisa ngoma, ngoma huvitikisa vijifupa, navyo hupeleka mtikisiko huo katika sikio la ndani. Chumba hicho hupata hewa kwa mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi, tena umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo hata mafua ya kawaida yaweza kufungulia vijidudu njia ya kwenda sikioni. Usaha hujaa, mtoto hulia usiku kucha, kisha ngoma hutoboka na usaha hutoka. Maumivu hupungua. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa maana mzazi hudhani ugonjwa umekwisha.

Mara nyingi huwa umekwisha kweli, na ngoma hujiziba yenyewe. Lakini usaha ukiendelea kutoka kwa wiki mbili au zaidi, huo sasa ni ugonjwa sugu, na waweza kudumu miaka. Surua huuleta, utapiamlo huulea, na nyumba finyu yenye watu wengi na moshi wa kuni huusaidia. Kwa maneno mengine, ni ugonjwa unaojua njia ya kwenda kwa maskini. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani walikuwa na masikio yanayotoa usaha, na kwamba asilimia 60 kati yao walikuwa wamepungukiwa na usikivu kwa kiasi cha kuwasumbua. Shirika hilo lilikadiria pia vifo 28,000 kwa mwaka. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba sikio huua. Nitaeleza.

Wapo wagonjwa wa aina mbili ambao kila tabibu wa masikio, pua na koo huwaona. Wa kwanza ni mtoto wa miaka minane au tisa ambaye hakuletwa kwa ajili ya sikio. Ameletwa kwa sababu mwalimu amesema ni mkaidi. Akiitwa kutoka nyuma hageuki. Imla inamshinda, ingawa hesabu iliyoandikwa ubaoni anaiweza. Sikio lake linanuka, na wenzake hawataki kukaa naye dawati moja, basi amesogezwa hadi safu ya mwisho. Tazameni jinsi jambo hili lilivyo: mtoto asiyesikia vizuri amewekwa mahali palipo mbali kuliko pote na sauti ya mwalimu, na sababu ya kuwekwa huko ni ugonjwa ule ule unaomzuia kusikia. Kabla viboko havijapigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, mtoto wa namna hii aliweza kuchapwa kwa kutokujibu swali ambalo halikumfikia. Viboko vimeondolewa na sheria. Safu ya mwisho haikuondolewa.

Mgonjwa wa pili usaha wake ni kidogo, lakini unanuka vibaya sana. Ndani ya sikio lake la kati ngozi imeingia mahali isipopaswa kuwa, nayo inakua polepole na kula mifupa iliyo karibu. Madaktari huita hali hiyo kolesteatoma. Huweza kuvila vile vijifupa vitatu, na kufikia mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, hata mdomo ukapinda upande mmoja na jicho likashindwa kufumba. Mfupa ulio juu ya chumba cha sikio ni mwembamba, na juu yake kuna ubongo. Maradhi yakipenya hapo, huweza kuleta jipu la ubongo au homa ya uti wa mgongo. Matone hayatamtosha mgonjwa huyu. Tiba yake ni upasuaji. Kwa sababu hiyo mtu mwenye sikio linalotoa usaha ambaye uso umepinda, au anaumwa kichwa sana na kutapika, au ana kizunguzungu, au amevimba nyuma ya sikio na panauma, asisubiri kliniki ya Jumatatu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye utafiti, nao naomba tuufuatilie kwa makini kwa maana ndio unaobeba hoja yangu.

Mnamo Mei 1992 watafiti walipima masikio ya watoto 5,368 katika shule 57 za msingi katika iliyokuwa wilaya ya Kiambu. Asilimia 1.1 yao walikuwa na ugonjwa huu sugu. Yaani katika shule yenye wanafunzi 500, tutarajie watano au sita. Baadaye ukafanyika utafiti wa tiba, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza. Walihusishwa watoto 524 wenye sikio sugu kutoka shule 145 za wilaya hiyo hiyo, na kwa njia ya kura wakagawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilikaushwa masikio kwa kitambaa safi, likapewa na dawa: viuavijasumu vya kumeza na dawa za kutia sikioni. Kundi la pili lilikaushwa tu. Kundi la tatu halikupewa tiba maalumu, liwe la kulinganishia.

Kwa nini kukausha tu kulipimwa? Kwa sababu huo ndio uliokuwa ushauri uliopewa maskini. Hauna gharama: sokota kitambaa safi, ingiza taratibu, toa, rudia hadi kitoke kikavu. Katika zahanati isiyokuwa na dawa, muuguzi angeweza walau kumwonyesha mama jinsi ya kufanya hivyo, na mama akarudi nyumbani akiamini amepewa tiba.

Baada ya wiki 16, katika kundi lililopata dawa, usaha ulikuwa umekauka kwa watoto 51 kati ya kila 100. Katika kundi lililokaushwa tu, watoto 22 kati ya kila 100. Na katika kundi ambalo halikupata kitu? Watoto 22 kati ya kila 100.

Ndugu zangu, namba hizo mbili za mwisho zinalingana. Ushauri waliopewa akina mama wasiokuwa na fedha, ukiachwa peke yake, haukuonyesha nafuu yoyote kuliko kutofanya kitu. Sisemi haya ili mwache kukausha masikio ya watoto. Kukausha ni lazima, kwa sababu tone la dawa likianguka juu ya usaha halifiki linapotakiwa kufika. Ninalosema ni kwamba kitambaa bila dawa ni nusu ya tiba, na nusu hiyo peke yake haiponyi.

Utafiti mwingine uliofanyika Kenya ulichapishwa mwaka 2005. Walikaguliwa watoto 39,841, na watoto 427 wenye ugonjwa huu kutoka shule 141 wakaingizwa katika majaribio. Safari hii zililinganishwa dawa mbili za matone: siprofloksasini, na asidi ya boriki iliyochanganywa na alkoholi, ambayo ni dawa ya zamani. Baada ya wiki mbili, usaha ulikauka kwa asilimia 59 ya waliopata siprofloksasini, na asilimia 32 ya waliopata asidi ya boriki. Lipo jambo moja katika utafiti huo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka: matone hayo, mara mbili kwa siku kwa siku 10, yalitiwa na watoto wenyewe, mmoja akimtilia mwenzake. Basi asituambie mtu kwamba tiba hii ni ngumu kwa watu wetu.

Namba nyingine ya 1996 haina furaha. Ngoma za sikio zilizofunga baada ya wiki 16 zilikuwa asilimia 15 katika kundi la dawa, na asilimia 13 katika makundi mengine mawili. Tofauti hiyo si kitu. Dawa hukausha usaha, na watoto ambao usaha wao ulikauka walisikia vizuri zaidi kuliko wale ambao usaha uliendelea. Lakini tundu kwa wengi hubaki, nalo kwa baadhi yao huhitaji kuzibwa kwa upasuaji. Na wapasuaji wako wapi? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba takriban asilimia 78 ya nchi zenye kipato cha chini hazikuwa na hata daktari mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja.

Wengine mtauliza kuhusu lile kundi la tatu. Je, ilikuwa haki watoto wagonjwa kupimwa, kuandikwa, na kukaa wiki hizo zote bila tiba maalumu? Siwalaumu watafiti. Bila kundi hilo tungeendelea kuamini kwamba asilimia 22 ni matunda ya kitambaa. Lakini jambo lililopatikana kwa masikio ya watoto wetu ni deni. Chama cha Madaktari Ulimwenguni, katika Azimio lake la Helsinki, kiliweka wazi mwaka 2000 kwamba walioshiriki katika utafiti wahakikishiwe, utafiti ukiisha, tiba iliyothibitika kuwa bora. Mimi naona deni haliishii kwa watoto wale 524, ambao leo ni watu wazima wenye watoto wao. Linafika kwa kila mtoto wa shule zile, na za jirani, anayefika zahanati leo na kuambiwa dawa hakuna.

Mwinjili Marko, katika sura ya 7, anasimulia jinsi Bwana alivyoletewa kiziwi. Hakumponya mbele ya umati. Alimtenga kando, akamtia vidole masikioni, akaligusa hasa lile lililokuwa limeziba. Mtoto wa safu ya mwisho naye anahitaji mtu wa kumsogelea namna hiyo. Wala tusisahau, tunaposema juu ya kuzuia uziwi, kwamba viziwi waliomo katika parokia zetu si watu waliokosewa kutibiwa tu. Ni waamini wenye lugha yao, ambayo Katiba ya 2010 imeitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na ambayo kwenye mimbari zetu nyingi bado ni ngeni.

Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na ibara ya 53 inamtaja mtoto na huduma ya afya waziwazi. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti. Basi swali letu lina anwani. Je, matone ya siprofloksasini yamo katika orodha ya dawa za zahanati yetu, na miezi mingapi mwaka uliopita hayakuwapo? Je, kuna kifaa cha kutazamia ndani ya sikio, na mhudumu aliyefundishwa kukitumia? Je, walimu wanapewa mtu wa kukagua masikio walau mara moja kwa mwaka?

Nyumbani nako kuna kazi. Mafuta ya moto, mkojo, maziwa na maji ya majani yasitiwe katika sikio linalotoa usaha. Pamba isiachwe humo mchana kutwa. Chanjo ya surua isikosekane, wala ile ya nimonia iliyoanza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2011, kwani vijidudu vinavyozuiwa na chanjo hiyo vimo miongoni mwa vile vinavyougua masikio. Na wazazi wamwombe mwalimu, kwa heshima, amsogeze mtoto huyo mbele. Hilo halingoji bajeti.

Ila bajeti ina tarehe zake. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, makadirio ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Atakayekwenda mwezi Juni kumlilia mwakilishi wadi atakuta mlango umefungwa. Napendekeza kila jumuiya ihesabu watoto wake wenye masikio yanayotoa usaha kwa wiki mbili au zaidi. Majina yabaki kwa wazazi na mhudumu wa afya. Kamati ya parokia ipewe idadi, umri na shule tu, na idadi hiyo ndiyo ipelekwe kwenye kikao cha wananchi cha kujadili makadirio. Kila jumuiya yaweza kuanza Jumapili ijayo baada ya Misa, kwa daftari moja.