Anayetamaniwa Naye Ana Sauti

Wanafunzi wengi waliokalia mkeka msikitini huko Lamu, Mombasa na Unguja wamesomeshwa Tafsiri ya Jalalayn. Kitabu hicho kilianzwa na Jalal al-Din al-Mahalli, kikakamilishwa na mwanafunzi wake Jalal al-Din al-Suyuti, mwanachuoni wa Cairo aliyefariki mwaka 1505. Lisilotajwa sana darasani ni kwamba Suyuti huyohuyo aliandika pia juu ya mambo ya kitandani baina ya mume na mke, kwa uwazi ambao leo ungewatia wasiwasi wachapishaji wengi. Katika mamia ya maandishi yake juu ya hadithi za Mtume, sarufi, historia na tiba, jambo hilo nalo lilikuwa elimu, na mwanachuoni hakuona sababu ya kuliacha nje ya mlango.

Mhadhara huu unaanzia kwa Suyuti kwa sababu msomaji wa Kiswahili huambiwa mara kwa mara kwamba fasihi ya ashiki, yaani kazi ya sanaa inayoikabili tamaa ya mwili waziwazi, ni mzigo ulioshushwa na meli za Ulaya. Madai hayo hayana msingi. Watu wa dini tatu kubwa wameiandika, na pwani ya Afrika Mashariki imeiimba kwa karne kadhaa. Swali la maana ni jingine: katika rundo kubwa la maandishi ya aina hii, mengi yakiwa mabovu, ni yapi yanayostahili saa za mtu mzima mwenye akili zake? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba yanastahili yale ambayo ndani yake mtu anayetamaniwa ana hiari, ana akili, na anasema. Idadi ya nguo zinazovuliwa haipimi chochote.

Kwa kipimo hicho, kazi bora kuliko zote huenda ikawa tayari imo nyumbani kwa msomaji. Wimbo Ulio Bora una sura 8 tu, unasomeka kwa nusu saa, na mwanamke ndiye anayeanza kusema na ndiye anayesema zaidi. Hangoji kutafutwa. Anatoka usiku kumsaka mpenzi wake mitaani, walinzi wa mji wanampiga na kumnyang'anya shela yake, naye bado anawasihi mabinti wa Yerusalemu wamfikishie mpenzi habari kwamba anaugua kwa mapenzi. Katika sura ya 5 anausifu mwili wa mwanamume kuanzia kichwani hadi miguuni. Katika sura ya 7 mwanamume anausifu wake kuanzia miguuni hadi kichwani. Usawa huo ni wa makusudi, na ni nadra hata katika vitabu vya leo. Marabi walibishana kama shairi hili lihesabiwe miongoni mwa maandiko matakatifu, na Rabi Akiva, aliyeuawa na Warumi katika karne ya pili, akalitetea kuwa ndilo takatifu kuliko yote. Baadaye wafasiri wa Kiyahudi na wa Kikristo wakalisoma kama fumbo la Mungu na watu wake. Usomaji huo una heshima yake, lakini haukuiondoa miili ile miwili bustanini, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Kitabu maarufu zaidi cha ashiki kutoka ulimwengu wa Kiarabu kinahitaji msomaji mkali zaidi. Muhammad al-Nafzawi alikiandika *Bustani Yenye Manukato* mjini Tunis katika karne ya 15, kwa ombi la waziri wa mtawala wa nchi. Kina sura 21, na kinaanza kwa kumsifu Mwenyezi Mungu aliyeumba raha hiyo. Nafzawi anachanganya ushauri, tiba na hadithi, na anashikilia jambo ambalo wanaume wengi wa zama zake, na wa zama hizi, hawakupenda kulisikia: mwanamume asiyejali raha ya mwenzake hajui anachokifanya. Hapo anastahili sifa. Lakini kitabu hichohicho kimejaa hadithi za hila za wanawake, na watu weusi wanatokea humo kama miili tu, vitisho vya kitandani. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hana wajibu wa kupita kimya kwenye kurasa hizo. Akisome kitabu, aipinge sehemu hiyo, na atambue kwamba ustadi wa mwandishi haumponyi na ugonjwa wa jamii yake.

Aliyekipeleka kitabu hicho kwa wasomaji wa Kiingereza alikuwa Richard Burton, mtu ambaye pwani hii inamfahamu kwa sababu nyingine. Alifika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, akaingia bara na John Speke, na Februari 1858 wakafika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Aliyoyaandika juu ya watu aliowakuta njiani yana dharau nyingi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1883, yeye na wenzake walichapa tafsiri ya *Kama Sutra* kwa chama kilichokuwa kinga yao dhidi ya sheria ya Uingereza, na mwaka 1886 akatoa tafsiri ya Nafzawi iliyopitia Kifaransa. Alikuwa akiifanyia kazi upya kutoka Kiarabu alipofariki Trieste, Oktoba 1890. Mkewe, Isabel, aliutia moto mswada huo.

Mwaka uleule wa 1858 ambao Burton alifika Ujiji, mwanamke mgonjwa wa kisiwa cha Pate alikuwa akitunga shairi kwa ajili ya binti yake. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu aliyempinga Sayyid Said, mtawala wa Unguja, kwa silaha. Utendi wake wenye beti zaidi ya mia moja, aliomtungia Mwana Hashima, umefundishwa kwa miongo mingi kama somo la utiifu wa mke, na wahakiki wamegombana sana juu ya utiifu huo. Kinachopuuzwa ni mwili uliomo ndani yake. Mama anamfundisha binti yake kujifukiza na kujipaka manukato, kutia wanja na hina, kuvaa vito, kujipamba kwa maua yanayonukia. Hiyo ni elimu ya hisi, imetolewa na mwanamke kwa mwanamke, na haina hata chembe ya aibu. Ni kweli kwamba Mwana Hashima haulizwi anatamani nini yeye mwenyewe. Kwa hiyo utendi huu unafika mlangoni mwa fasihi ya ashiki bila kuingia. Lakini hakuna anayeweza kuusoma kwa makini halafu akadai kwamba Waswahili wa kale waliuonea mwili haya.

Washairi waliomtangulia waliingia kabisa. Katika nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo umo utumbuizo wa Mwana Manga, unaouchora uzuri wa mwanamke kiungo kwa kiungo kwa utulivu wa fundi asiye na haraka. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840 na ambaye wengi wanamkumbuka kwa mashairi ya vita dhidi ya Unguja, alitunga pia mashairi ya mapenzi yenye joto, wivu na majuto, ambayo leo yangeweza kusomwa barazani na kila mtu akajua yanasema nini. Hifadhi ya mashairi yake inatokana na juhudi za Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor; William Hichens akayachapa Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayarudia kwa uchambuzi wa kina mwaka 1979. Miswada ya Taylor imo London. Profesa wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuigusa kwa mkono wake lazima akate tiketi ya ndege, na hilo linaumiza.

Nyimbo za unyago zimepata hifadhi ndogo zaidi. Bi Kidude, aliyefariki Unguja mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarab, lakini nyumbani alikuwa pia somo, mpiga msondo aliyewafunda wasichana kwa ngoma na maneno. Nyimbo hizo zinasema kwa uwazi kuliko riwaya yoyote ya Kiswahili iliyochapishwa, nazo zinambakizia mwanamke haki ya kudai. Zina faragha yake, na faragha hiyo iheshimiwe. Hata hivyo, wenyewe wakiridhia, kuna mtaala mzima humo ambao idara za fasihi hazijaugusa.

Ulaya ilikuja kujadili jambo hili mahakamani. D. H. Lawrence alichapisha *Lady Chatterley's Lover* kwa gharama yake mjini Florence mwaka 1928, kwa wapanga chapa wa Kitaliano wasiojua Kiingereza, akafariki miaka miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 44. Uingereza haikupata kitabu kizima kihalali hadi wachapishaji wa Penguin walipochapa nakala 200,000 mwaka 1960, wakashtakiwa kwa sheria mpya ya mwaka 1959 iliyoruhusu utetezi wa thamani ya kifasihi. Mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, aliwauliza wazee wa baraza kama wangependa wake zao, au hata watumishi wao, wakisome. Swali hilo lilifichua kila kitu. Hofu haikuwa juu ya tamaa yenyewe, kwa kuwa wanaume wa tabaka lake walikuwa na maktaba zao za siri. Hofu ilikuwa juu ya nani mwingine atasoma. Miongoni mwa mashahidi wa utetezi walikuwa E. M. Forster, Rebecca West na Richard Hoggart. Tarehe 2 Novemba Penguin hawakuonekana na hatia.

Je, riwaya yenyewe inastahili kelele hizo? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Connie, mke wa tajiri aliyepooza vitani, ana macho na mawazo yake. Anamchagua Mellors, mtunza wanyama wa msituni, na msomaji anaiona tamaa yake ikikua kutoka upweke. Mwili humo ni jibu kwa migodi ya makaa na nyumba baridi za matajiri. Kasoro ni kwamba Lawrence anahubiri, na katika sura za mwisho Mellors anazungumza kwa niaba ya mwanamke zaidi ya anavyomsikiliza.

Mfano wa Anaïs Nin unaonyesha kipi kinatofautisha sanaa na bidhaa. Katika miaka ya 1940, akiwa Marekani na mwenye shida ya fedha, aliandika hadithi za ashiki kwa tajiri mmoja asiyejulikana aliyelipa dola moja kwa ukurasa. Mteja akaagiza ushairi uondolewe, libaki tendo peke yake. Nin aliona kwamba mtu anayekata hisia ili abaki na tendo anaiua tamaa yenyewe. Hadithi hizo zilitoka kama *Delta of Venus* mwaka 1977, mwaka aliofariki. Baadhi yake zinafumbia macho ukatili na hazistahili kutetewa. Zilizo bora, ambazo ndani yake mwanamke anatazama na kuamua, zilifungua njia kwa waandishi wanawake wengi waliofuata.

Mmoja wao ni Salwa Al Neimi, Msyria anayeishi Paris, aliyechapisha *Burhan al-Asal* mjini Beirut mwaka 2007. Msimulizi wake ni mkutubi anayesoma kwa siri vitabu vya ashiki vya wanachuoni wa kale wa Kiarabu, na anagundua kwamba wazee hao walikuwa na uhuru wa lugha ambao wajukuu wao wameupoteza. Nchi kadhaa za Kiarabu zilikizuia kitabu hicho.

Kwetu, kisa kikubwa ni cha *Rosa Mistika*. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliichapisha mwaka 1971 akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kujua lolote juu yao, na anapofika chuoni, mbali na fimbo ya baba, wanaume wenye vyeo wanaitumia hofu na ujinga huo hadi anaangamia. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa uwazi wake, baadaye ikakubaliwa na kufundishwa. Waliokizuia kitabu walikosea pakubwa, maana tamaa ndani yake haipambwi wala haikejeliwi. Kezilahabi alikuwa akionyesha gharama ya kumlea msichana asiyeruhusiwa kuwa na sauti juu ya mwili wake, na kimya walichotaka kukilinda wenye mamlaka ndicho kilichomuua Rosa.

Nairobi, David Maillu alichagua njia nyingine. *After 4.30*, iliyotoka mwaka 1974 kwa Kiingereza na kwa muundo wa mashairi huru, inasimulia masaibu ya makarani wa kike mbele ya mabosi wao baada ya saa za kazi. Wasomi waliidharau, Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake katika muongo huohuo, na wasomaji wa kawaida wakavinunua kwa wingi. Lugha yake ni ya haraka na mara nyingine ya ovyo, lakini aliuona mwili wa mwanamke ofisini kama suala la madaraka mapema kuliko waandishi wengi waliomcheka.

Kazi iliyobaki ni ya watu wanaojulikana. Vyuo vikuu vifundishe mashairi ya mapenzi ya Muyaka pamoja na yale ya vita, na vidai nakala za kidijitali za miswada iliyoko nje. Wachapishaji waache kuwataka waandishi wa Kiswahili waipitie tamaa kwa nukta tatu na mstari mtupu. Walimu wawape wanafunzi wakubwa *Rosa Mistika* bila kuruka kurasa. Na mtu mzima anayetaka kuanza leo hahitaji kuagiza kitabu kutoka mbali: afungue Wimbo Ulio Bora, sura ya 5, amsikilize mwanamke yule akimweleza mpenzi wake kwa maneno yake mwenyewe.