Kutoka Kesi ya Alcock Hadi Wimbo wa 13

(Maandishi ya mazungumzo yangu na vijana wa tawi letu)

 Mwenyekiti kaniomba niongelee sanaa na mapambano. Mada pana mno, kwa hiyo naomba ruhusa niibane iwe albamu moja tu. Ni ya roki, ya mwaka 1998, ya bendi inaitwa Manic Street Preachers. Najua humu ndani wengi ni watu wa singeli. Vumilieni kidogo.

Wanaosoma sheria wanaijua kesi ya Alcock ya mwaka 1991. Tunafundishwa kwenye sheria ya madhara, maana mfumo wetu tuliurithi kwa Mwingereza. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa kwenye uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, baada ya polisi kufungua geti na umati kuingia sehemu ambayo tayari ilikuwa imejaa. Ndugu zao wakawashtaki polisi wa South Yorkshire kwa mshtuko wa akili walioupata. Waliofika na rufaa mahakama ya juu kabisa walishindwa wote. Mmoja wao alikuwepo uwanjani siku ile, akapoteza ndugu zake wawili wa kiume, lakini akaonekana hakuleta ushahidi wa ukaribu wa upendo kati yao. Yaani ndugu zako wa damu wamekufa, halafu uthibitishe kwamba ulikuwa unawapenda!

Nilikwama hapo. Nikaingia mtandaoni kutafuta hao polisi waliishia wapi, nikakutana na wimbo unaitwa "S.Y.M.M." Herufi hizo ni kifupi cha maneno yanayomaanisha "muuaji wa halaiki wa South Yorkshire". Ni wimbo wa 13, wa mwisho, kwenye albamu This Is My Truth Tell Me Yours. Kwa hiyo albamu hii mimi niliisikiliza kuanzia nyuma kwenda mbele.

Sasa angalieni mwaka. Mwaka 1998 kumbukumbu rasmi ya nchi ilikuwa inasema vifo vile ni ajali. Ndivyo uchunguzi wa vifo ulivyoamua mwaka 1991, na uamuzi ulikuwa bado umesimama. Halafu bendi ambayo albamu yake ilishika namba moja Uingereza inafunga albamu hiyo kwa neno "muuaji". Na wala si wimbo wa kelele. Unakwenda taratibu, unasitasita, kama mtu ambaye hana uhakika kwamba wenzake wanataka kumsikia akiongea habari hizo.

Kisheria nina ugomvi na neno lenyewe. Kuua kwa kukusudia kunahitaji nia, na kamanda wa polisi aliyesimamia mechi ile aliposhtakiwa kwa kuua bila kukusudia kutokana na uzembe mkubwa, mwaka 2019 aliachiwa huru. Mimi nisingeruhusu neno hilo liingie kwenye tamko letu la vyombo vya habari. Wimbo una uhuru ambao tamko halina, na sisi tuache kuvichanganya viwili hivi, maana tunapenda kuandika matamko kama mashairi halafu tunashangaa tunaitwa kuhojiwa.

Lakini msidhani wimbo ndio uliofungua jalada. Waliolifungua ni familia. Walikaa miaka na miaka wakidai nyaraka, wakihifadhi majina, saa, nani alisimama wapi. Mwaka 2012 jopo huru lilipopewa nyaraka hizo likakuta maelezo 164 ya polisi yamebadilishwa, na katika 116 kati ya hayo yaliondolewa maneno yaliyolisema vibaya jeshi lenyewe. Mwezi Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikafuta ule uamuzi wa ajali. Tarehe 26 Aprili 2016, raia walioketi kusikiliza uchunguzi mpya wakaamua kwamba watu 96 waliuawa kinyume cha sheria. Leo wanahesabiwa 97, kwa sababu majeruhi mmoja alifariki mwaka 2021. Kutoka 1989 hadi 2016 ni miaka 27. Humu ndani wengi hatujafikisha umri huo.

Ndiyo maana nawasumbua kila siku: ukishuhudia kitu kwenye mkutano au kituoni, andika siku hiyohiyo, tarehe, saa, jina, halafu weka nakala sehemu mbili. Video ya sekunde 15 isiyo na tarehe haitatufikisha popote.

Nirudi kwenye albamu. Hawa jamaa wanatoka Blackwood, Wales, kwa hiyo tafadhali msiwaite Waingereza mbele yao. Jina la albamu wamelichukua kwa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa aliyeingia mgodini akiwa kijana mdogo, na akiwa waziri wa afya akaanzisha huduma ya matibabu ya bure mwaka 1948. Maana yake ni kama kusema: ukweli wangu ndio huu, nieleze wako. Mwanasiasa gani wa kwetu anamaliza hotuba hivyo? Tuanzie na wa upande wetu.

Wimbo uliovuma zaidi unahusu watu wa Wales waliokwenda kupigana na mafashisti kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, 1936 hadi 1939. Jina lake lilitoka kwenye bango la vita hivyo lenye picha ya mtoto aliyeuawa. Mwaka 2009 chama cha BNP, cha wabaguzi wa rangi, kikauweka kwenye tovuti yake! Sony, wenye haki, wakataka uondolewe, ukaondolewa. Mistari inatekwa, makamanda. Hapo hakimiliki ilifanya kazi ambayo mashairi peke yake hayakuiweza.

Albamu nzima si ya kiwango hicho. Katikati inarefuka, kuna nyimbo za huzuni ya mtu binafsi ambazo mimi huziruka. Ila wimbo wa nne, "Ready for Drowning", siuruki. Nyuma yake kuna kijiji cha Capel Celyn. Mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria ya kuiruhusu Liverpool ijenge bwawa kwenye bonde lile, bila kuhitaji ridhaa ya mamlaka za Wales. Mwaka 1965 kanisa, shule, posta na nyumba vilikuwa chini ya maji. Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, na bwawa lipo hadi leo. Na kumbukeni, waliofaidi maji yale ni mji uleule uliokuja kulilia watu wake Hillsborough. Bendi imewawekea wote wawili nafasi kwenye CD moja, bila kumwambia yeyote nani ameumia zaidi.

Spika ipo, bando lipo. Naanza na huo wa nne, halafu tutauliza maswali.