Nani Alikuwa Bora? Ubishi wa Wakimbiaji wa Kansas

(Maongezi mbele ya wahitimu wa kisomo)



Leo tunataka kuzungumza habari ya ubishi. Si ubishi wa mpaka wa shamba, wala wa mbuzi walioingia kwenye mahindi ya jirani. Ni ubishi wa michezo. Wakikaa pamoja watu wawili wanaopenda mbio, hawakosi kuulizana: Nani alikuwa bora kuliko wote?

Mara nyingi tunabishana kwa sauti. Mwenye sauti kubwa anashinda, na mwenye sauti ndogo anarudi nyumbani akinung'unika. Lakini sisi tunaojua kusoma na kuhesabu tunayo njia nyingine. Tunaweza kutazama maandishi. Basi tuchukue mfano wa mbali, mahali ambapo hatuna ndugu wala jirani wa kumpendelea. Tuwe kama wazee wa baraza, tusikilize pande zote, halafu tuamue.

JIMBO LENYEWE

Nchi ya Marekani imegawanyika katika majimbo 50. Moja linaitwa Kansas. Liko katikati ya nchi, mbali na bahari. Ni nchi tambarare yenye mashamba makubwa ya ngano na ng'ombe wengi. Watu wake hawafiki milioni 3. Kwa eneo, Tanzania ni kubwa kuliko Kansas zaidi ya mara nne.

Jimbo hilo la wakulima limetoa wakimbiaji wa ajabu, na wengi walianza kujulikana wakiwa bado wanafunzi wa sekondari. Ndiyo maana watu wa huko wanabishana: Katika wanafunzi wa Kansas waliokimbia mbio ndefu, nani alikuwa bora?

Kabla ya kuwataja, tuelewane juu ya kipimo. Mbio wanazozitaja sana ni za maili moja. Maili moja ni mita 1,609. Kwenye uwanja wa mita 400, mkimbiaji anazunguka mara nne na kuongeza hatua chache. Zamani watu waliona kwamba kumaliza maili moja chini ya dakika 4 ni jambo lisilowezekana. Mtu wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Roger Bannister wa Uingereza, mwaka 1954. Alitumia dakika 3 na sekunde 59.4. Ikumbukeni hesabu hiyo, tutaihitaji.

WA KWANZA: GLENN CUNNINGHAM

Glenn Cunningham alizaliwa mwaka 1909. Alipokuwa bado mtoto mdogo, yeye na kaka yake Floyd walifika shuleni asubuhi na kuwasha jiko la kupasha joto darasa. Katika debe la mafuta ya taa, kumbe mlikuwa na petroli. Moto ukalipuka. Floyd akafa. Glenn akaungua miguu vibaya sana, nyama ikatoka na vidole vya mguu mmoja vikapotea. Ilishauriwa akatwe miguu. Wazazi wake wakakataa. Mama yake akawa anamkanda miguu siku baada ya siku, mpaka mtoto akasimama, akatembea, na mwisho akakimbia.

Mwaka 1930, akiwa mwanafunzi wa sekondari katika mji mdogo wa Elkhart, alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 24.7. Hiyo ilikuwa rekodi ya wanafunzi wa sekondari wa Marekani nzima. Baadaye, mwaka 1934, alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 4 na sekunde 6.8. Mwaka 1936 alipata medali ya fedha katika mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Berlin.

WA PILI: WES SANTEE

Wes Santee alizaliwa mwaka 1932, akakulia kwenye shamba la ng'ombe karibu na mji wa Ashland. Akiwa shuleni alivunja rekodi ya jimbo iliyokuwa ya Cunningham. Baadaye alikuwa mmoja wa watu watatu walioshindana kutafuta zile dakika 4. Bannister akamtangulia. Mwaka 1955 Santee alifika dakika 4 na sekunde 0.5. Jamani, nusu sekunde tu! Hata kufumba na kufumbua macho mara mbili ni zaidi. Mwaka 1956 alifungiwa kushindana kwa sababu alipokea fedha za safari kuliko kanuni za siku hizo zilivyoruhusu. Hakupata nafasi tena.

WA TATU: BILLY MILLS

Hapa ubishi unakuwa mkali. Billy Mills hakuzaliwa Kansas. Alizaliwa mwaka 1938 katika jimbo la South Dakota, kwa watu wa Lakota, mmoja wa mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwapo kabla Wazungu hawajafika. Alifiwa na wazazi wake wote wawili akiwa bado mtoto. Akapelekwa Kansas kusoma katika shule ya bweni ya Haskell, mjini Lawrence, na huko ndiko alikojifunza mbio.

Mwaka 1964, kwenye Olimpiki ya Tokyo, alishinda mita 10,000 na kupata medali ya dhahabu. Hakuna aliyemtazamia. Mpaka Olimpiki ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Marekani aliyeshinda mbio hizo. Je, tumhesabu Mills kuwa mtu wa Kansas? Wapo wanaosema mtu ni wa pale alipozaliwa. Sisi tunasema swali ni juu ya wanafunzi wa Kansas, na yeye alisoma Kansas. Basi aingie.

WA NNE: JIM RYUN

Jim Ryun alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Wichita. Alikuwa mtoto mwembamba, tena masikio yake hayakusikia vizuri. Alijaribu kuingia katika timu ya riadha ya shule yake ya awali, hakuchaguliwa. Alipoingia sekondari, mwalimu wa michezo Bob Timmons alimwona na kumfundisha.

Tarehe 5 Juni 1964, Ryun, mwanafunzi wa miaka 17, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.0. Linganisheni na ile hesabu ya Bannister. Mwanafunzi huyu amekuwa mwepesi kuliko Bannister wa mwaka 1954! Alikuwa mwanafunzi wa sekondari wa kwanza kupita chini ya dakika 4. Na siku hiyo katika mbio zile alikuwa wa nane tu, maana alishindana na watu wazima.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Mei 1965, alikimbia kwenye mashindano ya shule za Kansas, wanafunzi watupu, bila mtu mzima wa kumvuta mbele. Alitumia dakika 3 na sekunde 58.3. Mwezi Juni mwaka huo huo alimshinda Peter Snell wa New Zealand, mwenye medali tatu za dhahabu za Olimpiki, kwa dakika 3 na sekunde 55.3. Rekodi hiyo ya wanafunzi ilikaa miaka 36. Ilivunjwa mwaka 2001 na Alan Webb wa jimbo la Virginia.

TUAMUE

Sasa tupime. Anayesema medali ya dhahabu ndiyo kipimo, atamchagua Mills. Anayesema tutazame mtu alikotoka, atamchagua Cunningham, yule aliyeinuka kutoka motoni. Anayesema tufuate saa, atamchagua Ryun. Mwenye kumtetea Santee atasema kwamba nusu sekunde isimnyime mtu heshima yake. Mnaona? Watu hawa wanne hawabishani juu ya wakimbiaji. Wanabishana juu ya kipimo, na hakuna aliyemwambia mwenzake anatumia kipimo gani. Ni kama kupima mahindi, huyu kwa debe na yule kwa kibaba. Hawataelewana hata mpaka jua lizame.

Dawa yake ni kurudi kwenye swali. Swali linasema: "Katika wanafunzi." Basi dhahabu ya Mills haimo, maana aliipata akiwa na miaka 26. Fedha ya Cunningham nayo haimo, wala mbio za Santee za mwaka 1955. Tuhesabu yale tu waliyofanya wakiwa shuleni. Hapo wanabaki wawili, Cunningham na Ryun.

Tuwe waangalifu. Haifai kusema Ryun ni bora kwa sababu tu sekunde zake ni chache. Kati yao imepita miaka 35, na mazoezi yalibadilika. Siku hizi wanafunzi wengi wa Marekani wamepita chini ya dakika 4, lakini wanakimbia kwenye uwanja wa mpira na viatu vyao vinatengenezwa kwa ufundi mkubwa. Saa peke yake haitoshi. Lazima tumpime mtu na watu wa siku zake.

Cunningham akiwa shuleni aliwashinda wanafunzi wa nchi nzima, tena kwa miguu yenye makovu. Hilo ni kubwa sana. Lakini Ryun akiwa shuleni alimshinda bingwa wa Olimpiki. Kwa hiyo, kwa swali lilivyoulizwa, sisi tunampa Ryun. Kama swali lingekuwa nani alipita njia ngumu zaidi, tungempa Cunningham bila kusita.

NA SISI JE?

Jambo hili linatufikia hata sisi. Mwaka 1967 Ryun aliweka rekodi za dunia mbili, mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 33.1, na maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.1. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, Kipchoge Keino wa Kenya alimshinda katika mita 1,500. Rekodi zenyewe zilivunjwa na nani? Na Filbert Bayi, kijana wa Karatu, Tanzania. Mwaka 1974 alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1975 akakimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Miezi michache baadaye John Walker wa New Zealand naye akaipunguza hiyo ya maili. Ndivyo rekodi zilivyo, ni kiti cha kupokezana.

Lakini angalieni. Tunaweza kuzungumza leo habari za mtoto wa Elkhart wa mwaka 1930 kwa sababu mtu alishika saa na mtu akashika kalamu. Je, mtoto wa kijijini kwetu aliyewapita wenzake wote mwaka jana, alitumia dakika ngapi? Tunasema tu, "Yule ana mbio!" Maneno hayo hayawezi kumpeleka popote. Mwalimu wa wilayani hawezi kuyalinganisha na ya mtoto mwingine.

Tena, katika majina manne tuliyotaja hakuna hata msichana mmoja. Si kwamba wasichana wa Kansas hawakuwa na miguu. Ryun alipokuwa shuleni, Olimpiki haikuwa na mbio za mita 1,500 za wanawake. Zilianza mwaka 1972, na mwaka huo huo ndipo Marekani ilipopitisha sheria ya kukataza shule zinazopata fedha za serikali kuu kuwabagua wasichana. Asiyeruhusiwa kukimbia hawezi kuandikwa. Basi na sisi tunapopanga mbio za watoto wetu, tuwapange wote, na tuandike majina ya wote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, mnakubaliana na uamuzi wetu wa kumchagua Ryun? Toeni sababu na mtaje kipimo chenu.

2. Mtu aliyezaliwa mahali pamoja na kusoma mahali pengine, ni wa wapi?

3. Pimeni mita 400 kwa kamba. Watoto wakimbie mara nne, wavulana na wasichana. Mmoja ashike saa, mwingine aandike. Andikeni jina, umri, tarehe, dakika na sekunde. Daftari hilo atalitunza nani?